Siku Tuliyomkamua Kambare Dume

Ninyi vijana mnaototolesha samaki siku hizi nawaonea wivu na huruma papo hapo. Wivu, kwa sababu maji yenu yanapashwa moto kwa umeme, na dawa ya sindano mnaletewa na basi ikiwa kwenye barafu. Huruma, kwa sababu wengi wenu hamjawahi kukaa na yai moja la samaki mkalitazama mpaka likawachosha, halafu likawashangaza. Mnaona picha kwenye simu, mnasema "nimeelewa", mnaenda kunywa soda. Mimi Mwajuma, niliyestaafu na magoti mabovu kwa kupiga magoti kando ya mabwawa, nawaambia hamjaelewa. Hata sisi hatukuelewa, na kidogo tumponze mama wa watu.

Kituo chetu kilikuwa bondeni, chini ya Lufingo: mabwawa machache na chumba kimoja cha matofali tulichokiita maabara, kwa heshima tu. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa kila mtu. Mjini Tukuyu kila ukigeuka unakuta rundo la mitumba na mtu anayelipigia debe, na wanunuzi binafsi walianza kupanda milimani wenyewe kufuata mazao. Sisi tuliambiwa kwa upole kwamba vifaranga vya samaki havitaletwa tena na gari la serikali, tuvitotoleshe wenyewe. Lilikuwa neno jepesi sana mdomoni, kutotolesha.

Mimi ni binti wa dukani. Baba yangu aliuza chumvi, mafuta ya taa na khanga karibu na soko la Tukuyu, nami nilitoka chuo cha uvuvi nikijua mengi kuhusu samaki na bila kujua lolote kuhusu ng'ombe. Nilidhani ng'ombe hawanihusu. Aliyenipokea kituoni ni Mzee Anyelwisye, msimamizi wa mabwawa, mtu mrefu aliyevaa koti la mtumba lenye vifungo vya dhahabu ambalo, kwa maoni yangu, lilishonewa mpiga tarumbeta wa Ulaya. Alilivaa hata akiingia bwawani. Kwake yeye binadamu waligawanyika makundi mawili: wanaojua kukamua na wasiojua.

"Mwajuma mwanangu," aliniuliza siku ya kwanza, kabla hata sijapata pa kuweka mkoba, "umeshawahi kukamua?"

"Kukamua nini, mzee?"

Akawageukia wenzake. "Mwe bandu, enyi watu! Wametuletea mtoto wa maziwa ya kopo."

Nilikuja kufundishwa kumkamua samaki jike mayai, lakini mzee alikataa kunishikisha samaki mpaka nijue ng'ombe. Basi nikawa napitia kwake kila asubuhi. Ng'ombe wake alikuwa mwekundu, mwenye dharau, na alinijua mara moja kuwa mimi ni wa mjini. Nilivuta chuchu kama kamba ya kengele. Akanipiga teke, ndoo ikaenda kwake na mimi nikaenda kwangu.

"Unavuta," alisema mzee. "Nani kakwambia uvute? Tazama mkono. Kidole gumba na cha shahada vinatangulia, vinaziba juu. Halafu kinafuata hiki, halafu hiki, mpaka cha mwisho. Ukikaza kiganja chote kwa mpigo, maziwa yanarudi kiweleni. Ngozi ikikazwa kwa zamu, maziwa yenyewe yanajua pa kwenda."

Yashikeni maneno hayo. Mimi niliyachukulia kuwa ni ya ng'ombe tu.

Sasa niwaeleze kuhusu Mama Ipyana, maana bila yeye habari hii ingekuwa ya mayai peke yake. Alikuwa mjane wa kijiji cha Kinyala, juu yetu mlimani. Marehemu mumewe alimwachia watoto na kipande cha bonde chenye chemchemi, na shemeji yake, Ambakisye, alilitamani bonde lile kwa kupanda magimbi. Mama Ipyana akachimba bwawa. Alichimba yeye na wanawe kwa jembe na karai, akashindilia kingo kwa udongo wa mfinyanzi, akaelekeza maji, bwawa likajaa. Kisha akakaa kusubiri samaki ambao kituo chetu kilimwahidi na hakikuwa nao. Msimu ukapita. Watu waliokatiza pale wakawa wanamsalimia, "Vyura hawajambo?" Mwisho Ambakisye akaita kikao cha ukoo, na wazee wakakata shauri: mvua za kupandia zikinyesha na bwawa halina samaki, bonde linakuwa la Ambakisye.

Kwa hiyo kila wingu lililokaa juu ya mlima Rungwe, sisi kituoni lilitukaa rohoni. Na Rungwe, kama mnavyojua, haukai bila wingu.

Bahati yetu alikuja Neema. Alikuwa mwalimu kijana wa baiolojia, mpole wa sauti na mkaidi wa vitendo, aliyeshuka kwenye basi amekumbatia hadubini iliyofungwa kwa khanga kama mtoto mchanga. Alileta pia sindano ya kumfanya kambare jike aachie mayai. Tulikuwa na majike wawili, mkubwa na mdogo, na dume mmoja wa maana. Dume huyo tulimwita Mwenyekiti kwa sababu ya masharubu yake na kwa jinsi alivyokaa kimya pembeni huku wenzake wakihangaika. Mzee Anyelwisye alimlea toka akiwa mdogo kama kidole. Alimpelekea mabaki ya chakula kutoka nyumbani kwake, na nina hakika alimpenda kuliko baadhi yetu.

Jioni Neema akamchoma sindano jike mkubwa. Akamweleza mzee taratibu: "Kesho tutamkamua huyu mayai. Lakini baba, dume wa kambare hakamuliki. Mbegu zake ziko ndani kabisa, mpaka apasuliwe."

"Sawa, mwanangu," alisema mzee.

Asubuhi Neema akapanda kwenda Tukuyu kutafuta betri za tochi, kwani hadubini yake ilitegemea kioo na mwanga wa jua, na jua letu halina ratiba. Alisema atarudi upesi. Basi likaharibika njiani, jike akaiva. Kambare akiiva hamsubiri mtu: tumbo linalainika, ukimgusa tu mayai yanachungulia.

"Tuanze," alisema mzee. "Kausha beseni. Kausha mikono. Mkaushe na samaki mwenyewe."

Hili nalo liandikeni kichwani. Mayai ya kambare yakiguswa na maji kabla ya mbegu za dume, ndiyo basi. Yanaamka, na mlango wa kupitia mbegu unafungwa. Kwa hiyo kwanza mbegu juu ya mayai makavu, ndipo maji, na kuchanganya ni kwa unyoya wa kuku, polepole. Nikampapasa jike kutoka kifuani kwenda chini, kidole gumba kikitangulia, mayai yakashuka ya kijani-kahawia yanang'aa, beseni likaanza kujaa. Mzee aliguna kwa kuridhika. Niliona fahari, kusema kweli. Laiti yule ng'ombe mwekundu angeniona.

Ikabaki zamu ya Mwenyekiti. Mzee akamtoa, akamlaza juu ya gunia lililolowa, akachukua kisu. Akamtazama. Mwenyekiti naye akamtazama, masharubu yanacheza. Kisu kikarudi mezani.

"Mwajuma. Kwenu dukani, mtu akitaka ndama anachinja fahali?"

"Hapana, mzee. Lakini Neema alisema—"

"Neema ni mtoto mzuri. Hajawahi kufuga." Akakunja mikono ya koti la vifungo vya dhahabu. "Fahali hachinjwi kwa ajili ya ndama. Haijatokea Rungwe hii. Lete kikombe."

Akamkamua. Mimi nilishika mkia. Mzee alikaza kidole kwa kidole, kwa ustadi wote wa ukoo uliokamua toka enzi za mababu, na hatimaye yakadondoka matone machache ya maji yenye utando. "Maziwa hayo!" alisema, jasho linamtoka. Leo najua yalikuwa nini, na nikiwaambia hamtakula samaki wiki nzima. Tukayamwaga juu ya mayai, tukakoroga kwa unyoya, tukatia maji. Mwenyekiti akarudishwa bwawani kwa heshima zote.

Kisha wingu likafunguka na jua likaingia dirishani. Nikaweka mayai machache chini ya hadubini.

Vijana, sijui niwaelezeje. Yai lilikuwa duara tulivu. Halafu likatikisika, kidogo sana, kama tumbo la mtu anayejizuia kucheka kanisani. Ngozi yake ikajibana upande mmoja, mbano ule ukatembea ukielekea upande wa pili, na nyuma yake ngozi ikalegea. Ndani yake chembechembe zikaanza kusafiri. Uji wa yai ulikuwa unatiririka! Ulikwenda, ukasita, ukarudi kidogo pembeni, ukaenda tena, mpaka ukaanza kukusanyika upande mmoja na kutuna pale. Hakukuwa na moyo ndani ya yai wala mshipa. Sikuona kitu chochote cha kusukuma. Nilisahau kupumua.

Mzee akainama kutazama. "Limevaa kofia," alinong'ona. Akatazama la pili. "Na hili." Akasimama wima akapiga kelele hadi kuku wakatawanyika: "Yamekubali! Yote yana kofia!" Akatoka mbio barabarani, akamsimamisha muuza maziwa aliyekuwa anasukuma baiskeli kupanda Kinyala, akamtuma kwa Mama Ipyana: samaki wako wamekubali, njoo uone.

Neema alifika kwa miguu, ametapakaa matope, betri mkononi. Tukampa habari wote kwa pamoja. Akatazama kwenye hadubini, akatabasamu, akatutazama kwa furaha. Akaenda kunawa bwawani.

"Baba," aliita. "Mbona Mwenyekiti anaogelea?"

Mzee akafunga kifungo kimoja cha koti. Akafungua. "Nilimkamua," alisema.

Neema hakucheka wala hakufoka. Alikaa kwenye ukingo, akatueleza, na mimi ndipo nilipojifunza kazi yangu. Yai, alisema, halimsubiri baba ndipo lianze kazi. Likiguswa na maji tu linaamka. Chini ya ngozi yake kuna wavu wa nyuzi ndogo zisizoonekana, na nyuzi hizo zinajikaza. Hazijikazi zote kwa mpigo. Mkazo unaanzia mahali, unatembea, na popote unapopita uji ulio chini yake unasukumwa. Ndiyo maana mnaona mto unatembea ndani ya yai na hamwoni pampu. Pampu ni ngozi yenyewe.

Mzee alikuwa ameinua mkono wake mbele ya macho. Kidole gumba, cha shahada, kinachofuata, mpaka cha mwisho. "Linajikamua," alisema.

"Linajikamua," alikubali Neema. "Nilikuwa sijapata neno zuri hivyo."

"Na kofia si mtoto?"

"Kofia ni mahali pa mtoto. Baba akiwa amekuja, kofia inagawanyika. Akiwa hajaja, inakaa hivyo hivyo, halafu yai linakuwa jeupe."

Yalikuwa meupe kabla ya kesho yake asubuhi, yote, na yalianza kunuka. Na asubuhi hiyohiyo Mama Ipyana akashuka kutoka Kinyala na mkungu wa ndizi kichwani na kibuyu cha maziwa ya mgando mkononi, zawadi ya shukrani. Nyuma yake alikuja Ambakisye, aliyesema anataka kuona kwa macho yake.

Aliona. Alichungulia beseni, akaziba pua. "Shemeji, hawa samaki wako mbona kama mtama uliooza?" Kisha akasema, bila hata ukali, kwamba miche yake ya magimbi iko tayari na anangoja mvua tu, akaondoka akipiga mluzi. Mama Ipyana akageuza ndoo, akaikalia, akatazama sakafu. Hakumlaumu mtu. Afadhali angetulaumu! Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee Anyelwisye alivua koti lake, ikawa mara yangu ya kwanza kumwona bila koti, akaonekana mdogo na mzee sana.

"Mama," alisema, "mimi ndiye niliyeharibu. Bado jike mmoja. Usirudi na ndizi zako."

Neema alikuwa na mabaki ya dawa, haba lakini yalimtosha jike mdogo. Tukamchoma jioni. Nje kulikuwa na baridi ya kung'ata meno, na mayai ya kambare yanataka joto, kwa hiyo tuliingiza jiko la mkaa maabara, dirisha tukaliacha wazi kidogo tusije tukafa sisi kabla ya samaki. Maji tuliyapima kwa kiwiko, kama ya kumwogeshea mtoto. Chandarua kikuukuu tulikikata vipande vya kutandazia mayai.

Asubuhi mzee alikwenda bwawani peke yake. Tulimwona akichuchumaa, akimwongelesha Mwenyekiti kwa Kinyakyusa. Sikusikia yote, ila mwisho nilimsikia akisema, "Ndaga, tata. Ndaga fijo," kama mtu anayemshukuru mkubwa wake. Kisha akakitumia kisu vizuri, mara moja. Ndani, kama Neema alivyosema, zilikuwepo mbegu zenyewe, nyeupe na nzito. Mzee alizitazama akatikisa kichwa. "Ulikuwa nazo muda wote," alimwambia marehemu.

Mwili wa Mwenyekiti tuliupika mchana kwa nazi ya dukani kwa baba. Mzee hakugusa. Mimi nilikula. Alikuwa mtamu, Mungu anisamehe.

Lakini nimetangulia mbele. Mayai yalikuwa machache safari hii, hayakufunika hata chini ya bakuli. Mama Ipyana alikataa kukaa nje. Neema akampa unyoya, akakoroga yeye mwenyewe, mkono wake uliochimba bwawa zima ukienda taratibu kama anamlisha mgonjwa. Tukatia maji. Jua halikuwepo, betri zikafanya kazi. Neema akamwelekeza kuweka jicho kwenye hadubini.

"Linatetemeka," alisema Mama Ipyana. "Yesu wangu, kuna mto humu ndani."

Hatukushangilia. Tulishaungua na furaha ya mapema. Uji ukaenda, ukasita, ukaenda. Kofia ikatuna.

"Hiyo ni kofia tu," alisema mzee kwa ukali. "Asiseme mtu kitu."

Tukangoja. Mkaa ulitulia jikoni. Mama Ipyana hakuondoa jicho, na baada ya muda mrefu akauliza, "Dada Neema, na yale yaliyokufa, nayo yalijikamua hivi hivi?"

"Hivi hivi, mama."

"Na hayakujua kama baba atakuja?"

"Yai halijui. Linaandaa mahali tu."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikamsogelea. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. "Basi ni mimi na lile bwawa langu," alisema. "Nimejikamua weee, nimeandaa na maji nimejaza, mgeni mwenyewe haonekani, na watu wananiuliza habari za vyura!" Tukacheka naye wote, kicheko kile cha watu wanaoogopa. Halafu akanyamaza ghafla. "Jamani. Kofia imepasuka."

Neema karibu amsukume. Akatazama. Alipoinua uso sauti yake haikuwa ya ualimu tena. "Haijapasuka, mama. Imegawanyika. Ziko mbili."

Mzee Anyelwisye akakaa chini kwenye sakafu yenye maji, akasema jina moja tu: "Mwenyekiti."

Mvua haikutusubiri. Ilianza wakati vifaranga wetu bado wadogo, weusi, wembamba kama kipande cha uzi. Neema alitaka tungoje wakue. Mzee akasema ukoo hauwezi kungoja, nusu wabaki kituoni na nusu waende. Tukawatia kwenye chombo cha maziwa kilichosuguliwa, tukapanda nao Kinyala mvua ikitupiga, mzee akikifunika chombo kile kwa koti lake la vifungo vya dhahabu huku yeye amelowa mpaka mifupani.

Ambakisye alikuwa ameshafika. Alisimama kwenye ukingo na wazee wawili wa ukoo na furushi la miche ya magimbi. Mama Ipyana akateka vifaranga kwa bakuli jeupe kutoka kwenye chombo chetu, akampelekea.

Ambakisye akainama. Akatazama vile vitu vyeusi vyenye vichwa vikubwa na mikia. Akaangua kicheko. "Shemeji, hivi ni viluwiluwi! Baada ya maneno yote yale, umeleta vyura!" Wazee wakajongea, wakachungulia, nao wakaguna. Na kweli, kifaranga wa kambare na kiluwiluwi ukiwaona kwa haraka ni ndugu. Nilimtazama Neema. Alikuwa anapekua mkoba kutafuta lenzi ya mkononi.

Mama Ipyana akaichukua lenzi. Hakuwa na haraka. Akamkabidhi shemeji yake, akamnyooshea bakuli karibu na pua.

"Tazama mdomoni," alisema. "Vyura wa kwenu wana masharubu?"

Ambakisye akatazama. Akatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mvua ikichuruzika shingoni, na kicheko kikampotea taratibu. Akampisha mzee wa kwanza, naye akatazama, akampisha wa pili. "Ni samaki," alisema yule wa pili. "Na amefanana na mtu."

"Ni mtoto wa Mwenyekiti," alisema Mzee Anyelwisye.

Mama Ipyana akapiga magoti kwenye matope, akainamisha bakuli, watoto wa Mwenyekiti wakaingia kwenye maji aliyowaandalia. Ambakisye alibaki amesimama na furushi lake, hajui alipeleke wapi. Mama Ipyana akajifuta mikono, akamwonyesha ukingo mpya wa bwawa uliokuwa unamomonyoka kwa mvua. "Panda pale, shemeji," alimwambia. "Mizizi itanishikia udongo."

Akapanda, mstari mzima, na kila baada ya mche mmoja alikuwa anachungulia majini.